Mwache stelingi, mtazame anayesikiliza

Nimekulia kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwenye kibanda: mabati juu, mabenchi chini, televisheni ya kichogo ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli, na joto la kukutoa jasho mpaka kwenye kope. Humo ndani sheria ilikuwa moja tu: stelingi, yaani mhusika mkuu wa picha, hafi. Akipigwa risasi kumi na mbili, tumetulia. Akidondoka kutoka ghorofani, tumetulia. Waliobaki wote kwenye picha tuliwaita "maadui", hata kama mtu alikuwa muuza mkate anayejipitia zake.

Siku hizi watu huniuliza watazame filamu gani, na jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu huwa sianzi na jina la filamu. Nawaambia wamtafute mtu aliyesimama nyuma ya stelingi, yule anayesikiliza wakati mwenzake anaongea, wamfuate huyo popote anapokwenda.

Chukua Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Najua, Wakenya watanicheka, kwao hiyo si filamu ya kufichuliwa na mtu. Lakini nenda Tanga au Mwanza uulize, utaona. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo, na alistahili. Mimi nilipoirudia mara ya tatu nilijikuta simtazami tena. Nilikuwa namtazama Oti, mkuu wa genge, aliyeigizwa na Olwenya Maina. Wawili hawa wanakutana mahabusu. Mwas ni kijana wa kijijini aliyeibiwa alichonacho siku ya kwanza tu mjini, na humo selini anasafishishwa choo ambacho ukikiona unaziba pua hata kama uko sebuleni kwako. Macho yote yako kwa Mwas, ni haki yake. Ila rudi nyuma utazame namna Oti anavyompima. Majambazi wengi wa filamu zetu hufoka, hukunja uso, huvaa miwani myeusi usiku. Maina hana haja ya hayo. Anakutisha kwa kuchoka, kama mtu aliyeshaona kila kitu na hategemei kipya. Alifariki mwaka 2022, na baadhi ya marafiki zangu walilijua jina lake siku ile ya tanzia. Kwa miaka kumi walikuwa wakimwita "yule Oti".

Kosa si lao peke yao. Kibandani mjomba alikuwa akiona tu majina ya mwisho yanaanza kupanda, anabonyeza deki, kanda inatoka, inaingia nyingine, maana kuna foleni nje. Tukakua tukiamini filamu huishia pale. Mimi nimejilazimisha kuyasoma, na hivyo ndivyo nilivyompata Paul Ogola. Kwenye Nairobi Half Life hiyohiyo ni Mose, mmoja wa vijana wa genge. Nilipoitazama Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, nikamkuta ni Mikey. Halafu kwenye tamthilia ya Sense8 akaibuka kama Jela, rafiki wa dereva wa matatu. Sura ileile, watu watatu tofauti kabisa. Kati Kati yenyewe ni filamu fupi, ya saa moja na ushei, kuhusu msichana anayezinduka kwenye hoteli ya porini bila kumbukumbu yoyote, kisha anaambiwa kwamba yeye na wenzake wote pale wameshakufa. Ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Usiitazame ukiwa na usingizi.

Jaribio langu jingine ni la kishamba lakini halijawahi kuniangusha: zima sauti dakika tano. Nilifanya hivyo kwenye Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Kila mtu humsifia mtoto, Stycie Waweru, anayeigiza Jo, binti mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Ukizima sauti unamwona mama yake, Marrianne Nungo. Mama huyu ni mkunga, kazi yake kupokea watoto wa wenzake, na wa kwake amemtoa hospitali ili aje amalizie siku zake nyumbani. Anataka mtoto apumzike ndani, wakati dada mtu anataka atoke akacheze. Nafasi ya namna hii waigizaji wengi wangeiogesha machozi (sisi wa bongo movie kwa kulia hatujambo, tunaweza kulia robo saa nzima kinanda kikifunika maneno). Nungo anayabana machozi, na koo lake linaonyesha anavyoyabana.

Ila jihadhari na kusifu mno. Niliwahi kuwaita majirani tuitazame, na kabla haijaanza nikawatangazia kwamba wote watalia. Walikaa wakijilinda kama watu wanaosubiri sindano. Hakulia hata mmoja, na mmoja aliniuliza kama nina pilipili ya mihogo.

Kwa hapa kwetu ningekuelekeza Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mapenzi ya Yasmin na Denge, niseme kweli, hayakunichoma sana. Aliyenichoma ni Mwajuma, aliyeigizwa na Siti Amina, ambaye nje ya filamu ni mwimbaji wa taarabu. Akiingia tu, Unguja ya miaka ya hamsini inaacha kuwa picha ya ukutani.

Na kama utaipata, kwa maana kuipata ni kazi, tafuta Maangamizi ya mwaka 2001. Profesa Amandina Lihamba ni Samehe, mgonjwa kwenye hospitali ya akili ambaye hajatamka neno kwa miaka ishirini. Mwigizaji amenyang'anywa mdomo, kabaki na macho na mabega. Niliazimwa nakala na mhadhiri mmoja, nikaenda nayo kwa mjomba, ambaye sasa amezeeka na kibanda kimekuwa duka la vocha. Akatazama kimya, mkono shavuni. Baada ya muda akanigeukia.

"Sasa stelingi yuko wapi?"

Nikamwonyesha Samehe.

"Huyu asiyesema?"

"Huyohuyo, mjomba."

Akamtazama tena kwa kitambo, akavuta kiti chake mbele.

"Basi huyu hafi," akasema.