Cheti cha tabia njema na fundi wangu wa Keko

Mmeuliza wiki hii: aliyemaliza kifungo afutiwe rekodi yake ya jinai? Mimi nina karakana ya samani hapa Keko, Dar es Salaam, si mbali na gereza, kwa hiyo swali lenu limenikuta kazini. Jibu langu ni ndiyo, ila neno "kufuta" linanipa shida kidogo, nitalirudia.

Nina fundi mmoja, simtaji jina. Alifungwa miaka 2 kwa kuiba vioo vya pembeni vya magari. Useremala kajifunzia gerezani, na haki yao niwape, walimfundisha: akiunga mguu wa meza, kiungo hukioni mpaka upitishe ukucha. Desemba 9, 2019, Rais Magufuli alipowasamehe wafungwa 5,533, naye alitoka. Alikuja kwangu na begi la mgongoni na barua ya serikali ya mtaa.

Sijifanyi mtakatifu. Miezi mitatu ya mwanzo funguo za stoo nilikuwa nalala nazo, na yeye alijua. Hakusema kitu. Ila kila jioni alipanga vifaa mezani akavihesabu kwa sauti, patasi 6, randa 2, misumeno 3, halafu anaukung'uta mfuko wake wa begi mbele yetu: chaja, taulo, bakuli la chakula. Hakuna aliyemwomba. Mpaka leo anahesabu, ingawa funguo siku hizi anakaa nazo yeye.

Mwaka jana tukapata kazi ya kufunga makabati kwenye hoteli moja. Wakataka kila fundi alete cheti cha tabia njema, kile cha polisi cha kuchukuliwa alama za vidole. Wenzake wakaenda. Yeye akasema tumbo linamuuma. Makabati kayatengeneza yeye karibu yote, kwenda kuyafunga wakaenda wengine, tena moja wakalifunga limepinda nikaitwa kulirekebisha.

Hakimu alimpa miaka 2, na Rais akampunguzia. Hii adhabu ya pili kaitoa nani, na inakwisha lini? Katiba yetu, ibara ya 39, inamtaka mgombea urais awe hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi. Yaani mkwepa kodi akikaa miaka 6, kwa kosa hilo hana kizuizi cha kwenda Ikulu. Wa kwangu anakwama kwenye kabati la hoteli. (Kariakoo tuna kata nzima inaitwa Gerezani, na wakazi wake hakuna anayewauliza walifanya nini.)

Wenzetu wameshalifanyia kazi. Uingereza wana sheria ya mwaka 1974: kifungo kisipokuwa kirefu mno, na mtu akikaa muda uliowekwa bila kurudia, mwajiri wa kawaida hana haki ya kuambiwa. Anayeomba kazi ya kukaa na watoto huchunguzwa zaidi. Pennsylvania, Marekani, mwaka 2018 walipitisha sheria ya kufunga majalada ya makosa madogo, yaani yasionwe na watu wa kawaida, bila mhusika kuweka wakili. Hilo la wakili ndilo lingetufaa zaidi, maana fundi wa Keko wakili atamlipa na nini?

Ndiyo maana sipendi "kufuta". Jalada libaki polisi na mahakamani, akirudia hakimu alione. Ila karatasi inayokwenda kwa mwajiri iwe safi baada ya miaka 5, kama ya mgombea. Aliyebaka au kumdhuru mtoto simtetei, huyo rekodi yake imfuate.

Juzi imekuja kazi nyingine, ofisi moja Posta, meza 14 na rafu. Fomu yao ina sharti lile lile la cheti. Ninayo kwenye droo tangu Jumatatu, sijamwonyesha.

Msomaji, Keko