Korongo kavu lisikudanganye

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, ndugu zangu wa Dar wananipigia simu hata njaa hawajaisikia: "Shemeji, tumeshafika." Chini ya saa nne. Kisha wanauliza, huko kijijini kwenu ni mbali? Nawajibu ni karibu, ila inategemea korongo, yaani mto wa msimu, limeamkaje. Wanacheka. Wakija Januari hawacheki.

Kutoka Dodoma hadi Bahi ni lami, barabara ya Singida hiyo, utasinzia. Ukishapanda Noah ya kuingia vijijini ndipo safari inapoanza. Njia imekatwa na makorongo, mengine yana drifti, yaani zege lililolazwa chini maji yapite juu yake, mengine ni mchanga mtupu. Kiangazi utavuka humo na viatu vya kanisani, na utakuta akina mama wamefukua mchanga wanachota maji kwa kata. Ndiyo maana mgeni haamini akiambiwa panaua.

Mvua ya huku ni chache, kama milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili, kwa vishindo. Ardhi imekauka imekuwa sakafu, hainywi. Tena maji hayatoki hapo ulipo. Mto Bubu unashuka kutoka upande wa Kondoa hadi kwenye kinamasi cha Bahi, kwa hiyo jua linaweza kukuchoma, vumbi limekujaa puani, na maji yakaja na magogo, kwa mvua ambayo hata wingu lake hukuliona.

Mimi yalinikuta nikienda msibani. Tulikuta korongo limejaa, dereva akazima gari. Abiria tukaanza kumsonga, na mimi nikiwemo, tena kwa sauti kubwa: maiti haisubiri! Lori la Fuso likapita mbele yetu, basi tukaona na sisi tunaweza. Katikati Noah ikazima. Maji yakafika kwenye viti, mchele wa matanga ukalowa wote. Vijana walitutoa kwa kamba baada ya kupatana bei kwanza (siwalaumu, ni kazi yao).

Tuliporudishwa ukingoni tukamkuta mzee amekaa kando ya baiskeli yake. Alikuwa amechomeka kijiti pale maji yalipoishia. "Mjukuu wangu," akaniambia, "mimi namwangalia huyu, simwangalii dereva." Maji yakipanda yanakimeza kijiti, yakishuka kinabaki nchi kavu. Baada ya kama saa mbili alikunja suruali, akavuka.

Tangu siku hiyo nami nachomeka kijiti. Fuso silifuati tena, lile lina uzito na limeinuka, Noah haina hata kimoja. Na maji yakishuka usikimbilie kupita na gari: mchanga uliolowa unameza tairi. Mtu atangulie kwa miguu na fimbo, apapase.

Swali la "panapitika?" usiwaulize wanaosukuma magari, maana wao wanakula kwa wanaokwama. Muulize mchunga mbuzi. Msalimie kwanza kwa Kigogo, "Mbukwa!", ndipo uulize. Kabla ya kuondoka mjini piga simu kwa mtu anayekaa huko juu mto unakotokea, umuulize jana jioni ilinyesha? Mvua nyingi za huku zinapiga alasiri, kwa hiyo mimi saa kumi na mbili asubuhi nimeshapanda gari, ingawa iliyonyesha juu jioni inaweza kufika chini usiku au alfajiri. Giza likishaingia sivuki, hata bodaboda aape kwa mama yake. Nalala upande nilipo. Ndiyo maana kikapu changu hakikosi maji, karanga na kitenge cha kujifunika.

Februari iliyopita shemeji yangu wa Dar alikwama palepale tulipokwama sisi. Hakupiga simu kulalamika. Alinitumia picha: kijiti, na maji yameshuka vidole viwili.