Maswali ya Wasomaji: Je, Gari la Spoti Libebe Tairi la Akiba?

SWALI

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wako wa Mbezi, Dar es Salaam. Mwaka jana niliagiza kutoka Japani gari aina ya Toyota 86 lililokwisha kutumika, na lilipofika nikafunua zulia la buti, nikakuta nafasi ya kuwekea tairi la akiba lakini tairi lenyewe halimo. Palikuwa na chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme. Sikulitilia maanani jambo hilo. Mwezi uliopita nilikuwa nikielekea Iringa pamoja na mke wangu, na tulipopita Doma, kabla ya kuingia hifadhi ya Mikumi, tairi la mbele kushoto liliingia katika shimo lenye kingo kali. Ubavu wa tairi ulichanika kiasi cha kupitisha kidole gumba. Niliingiza dawa yote, nayo yote ikamwagika juu ya lami. Gari lilirudishwa Morogoro kwa lori, tukakaa huko siku mbili tukisubiri tairi la kipimo chake litumwe kwa basi kutoka Dar es Salaam. Sasa nataka kununua tairi la akiba, lakini rafiki yangu mwenye gari kama langu anasema kwamba gari la spoti halibebi kitu hicho, kwa sababu kinaongeza uzito na kuharibu utulivu wa gari, na kwamba waliolitengeneza wanajua kuliko sisi. Naomba ushauri wako.

JIBU

Ndugu msomaji, poleni sana wewe na mama kwa yaliyowapata. Jibu langu ni kwamba katika safari ya Iringa, na safari nyingine yoyote ya kutoka nje ya mji, tairi la akiba libebe. Ukiwa katika mizunguko yako ya Mbezi na Posta unaweza kuliacha nyumbani bila wasiwasi mkubwa, maana fundi wa tairi hayuko mbali nawe na ndugu au jirani anaweza kukuletea.

Rafiki yako hakosei anaposema kwamba watengenezaji wanajua wanachofanya, ila inafaa tujiulize walimfikiria dereva gani. Chevrolet Corvette ya mwaka 1997 ilitoka kiwandani bila tairi la akiba, ikafungwa matairi yenye mbavu ngumu yanayoweza kwenda hata yakiishiwa upepo. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ilikuwa na tairi jembamba la akiba ndani ya buti, lakini ile ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2005, ikaja na chupa ya dawa na pampu kama ulivyokuta wewe. Kiwanda kinapoondoa tairi, jeki na spana hupunguza gharama, hupunguza uzito ambao nao hupunguza matumizi ya mafuta, na hupata nafasi zaidi ya mizigo. Dereva wa Japani au Ujerumani hapotezi mengi kwa uamuzi huo, kwa kuwa anapita katika barabara kuu isiyo na mashimo, na akipiga simu gari la kuvuta linamfikia. Aliyekwama kati ya Doma na Mikumi hayumo katika hesabu hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wenye magari ya aina hii wengi hawalipimi, nalo ni namna matairi yao yanavyokufa. Msumari ukiingia katikati ya kashata, yaani sehemu inayokanyaga barabara, huacha tundu dogo, na dawa ya chupa imetengenezwa kwa ajili ya tundu la namna hiyo, lisilozidi takriban milimita 6. Haina uwezo wowote juu ya ubavu uliochanika, wala juu ya rimu iliyopinda ikaachia upepo ukingoni. Tazama maandishi yaliyo kwenye tairi lako: 215/45R17 maana yake ni kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana wa milimita 215, yaani chini kidogo ya milimita 97. Gari la kawaida la familia lenye matairi ya 195/65R15 lina ubavu wa karibu milimita 127. Sentimita tatu hizo zinazopungua ndizo ambazo zingekunjika na kumeza kishindo cha shimo kabla rimu haijaufinya mpira dhidi ya ukingo wa lami. Kwa hiyo gari lenye matairi mafupi kama lako ndilo linalopata zaidi majeraha yasiyozibika, na ndilo hilohilo lililopewa chupa. Mimi naona hapo pana kasoro ya wazi, na kwa barabara zetu ni wajibu wa mwenye gari kuirekebisha.

Kuhusu uzito, gari lako lina takriban kilo 1,230. Tairi jembamba la dharura pamoja na rimu yake halizidi sana kilo 12 au 14, uzito ambao ni sawa na lita 16 hadi 19 za petroli, na tangi lako hubeba lita 50. Tofauti iliyopo kati ya tangi lililojaa na tangi lililofika nusu ni kubwa kuliko uzito wa tairi hilo, na sidhani kama rafiki yako amewahi kulalamika kwamba gari limeharibika baada ya kutoka kujaza mafuta. Siku ya kwenda uwanja wa mashindano, litoe. Siku nyingine zote hutalihisi.

Sasa tufike kwenye kununua, na hapa naomba uwe makini, kwa sababu wengi hudanganywa na jina lililoandikwa juu ya gari. Toyota 86 ilitengenezwa kwa ushirikiano na Subaru, na vitovu vya magurudumu yake ni vya Subaru: nati tano zilizo katika duara la milimita 100, tundu la katikati la milimita 56.1, na nati zenye uzi wa M12 kwa 1.25, yaani kipenyo cha milimita 12 na nafasi ya milimita 1.25 kati ya uzi na uzi. Ukienda kwenye maduka ya Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, ukaomba rimu ya Toyota yenye nati tano katika duara la milimita 100, unaweza kupewa yenye tundu la katikati la milimita 54.1, ambayo haitaingia kwenye kitovu chako hata kwa nyundo. Omba tairi la akiba lililotoka kwenye Subaru yenye vipimo nilivyovitaja, kisha lifunge kwenye gurudumu la mbele papo hapo dukani na ulizungushe kwa mkono ili uhakikishe kwamba rimu haigusi breki. Usilipe kabla ya kufanya hivyo.

Jambo linalofuata ni kipenyo. Tairi lako la 215/45R17 lina kipenyo cha karibu milimita 625. Tairi la dharura lenye maandishi T135/80D16 lina karibu milimita 622, tofauti ambayo ni ndogo sana. Ukipenda gurudumu kamili badala ya jembamba, 205/55R16 lina karibu milimita 632, nalo pia linakubalika, ila ni zito zaidi na itakubidi upime kama zulia la buti litarudi mahali pake. Angalia na umri wake. Tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Matairi ya akiba hupendeza machoni kwa sababu hayajakanyaga barabara, na huku mpira wake umekwisha kukakamaa kwa miaka.

Tairi jembamba lina masharti yake. Hujazwa upepo wa paundi 60, ambao ni karibu maradufu ya matairi ya kawaida, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Halafu liko jambo ambalo mafundi wengi wa barabarani hawalizingatii. Gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na Toyota 86 nyingi zina difu ya aina ya Torsen inayogawa nguvu kati ya magurudumu hayo mawili. Ukilifunga tairi jembamba nyuma, upande huo utashika barabara kidogo kuliko mwenzake, na kipenyo kikitofautiana difu itafanya kazi mfululizo hata unapokwenda moja kwa moja. Kwa hiyo pancha ikitokea nyuma, chukua gurudumu zima la mbele ulihamishie nyuma, kisha lile jembamba lifunge mbele. Ni kazi ya kupiga jeki mara mbili, lakini ifanye. Kwa bahati njema, magurudumu yako manne yana kipimo kimoja, kwa hiyo kuhamisha kunawezekana. Yako magari ya spoti ambayo matairi yake ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, na wenye magari hayo hawana njia hiyo.

Chunguza pia kama una jeki na spana ya nati, maana gari lililouzwa na chupa ya dawa mara nyingi huja bila vifaa hivyo. Jeki iwe fupi ya kutosha kuingia chini ya gari wakati tairi limelala kabisa, na uwe na kipande cha ubao cha kuwekea chini yake, kwa kuwa bega la barabara huwa na udongo laini. Iwapo aliyekuwa na gari kule Japani alifunga nati za kuzuia wizi, tafuta ufunguo wake leo. Nati zikazwe kwa nguvu ya niutoni mita 120, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

Lile gurudumu lililoharibika huenda lisienee katika nafasi ya tairi jembamba. Laza kiti cha nyuma na uliweke hapo, kwani buti la gari hili kiti kikilazwa linaweza kupokea magurudumu manne. Lakini lifunge kwa mkanda, kwa sababu buti likiungana na sehemu ya abiria, kitu chenye kilo 20 hakitasimama pale utakapokanyaga breki za ghafla. Kumbuka jambo hilo unapopanga mizigo ya safari. Gari likiwa limejaa mabegi hadi darini, utalifunga tairi la akiba kisha ukose pa kuliweka bovu.

Pampu ya umeme ibaki garini daima. Chupa ya dawa ningeibadilisha kwa vifaa vya kuziba tundu kwa utambi wa mpira, ambavyo vinatosha kwa misumari na havimchafulii fundi tairi kwa ndani. Na kwa kuwa unapita Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, pima upepo wa matairi yote Morogoro kabla ya kuendelea, na upite eneo hilo mchana. Hata mwenye tairi la akiba hapaswi kupiga magoti kando ya gari usiku mahali penye simba na tembo, huku malori ya Zambia na Kongo yakimpita mgongoni.

SWALI

Ndugu Mhariri, niko Mombasa na nina BMW Z4 ya mwaka 2005. Matairi yake ni yale yanayoweza kwenda bila upepo, na gari halina tairi la akiba wala mahali pa kuliweka. Fundi wangu ananishauri niyatoe nifunge ya kawaida kwa sababu haya ni magumu na bei yake ni kubwa. Mara mbili kwa mwezi huenda Nairobi. Nifanyeje?

JIBU

Ndugu msomaji, usiyatoe, kwa kuwa matairi hayo ndiyo tairi lako la akiba. Kwa kawaida hukuwezesha kwenda kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa baada ya upepo kwisha. Mariakani na Voi zimeachana kwa zaidi ya kilomita 100, na Voi na Mtito Andei kwa karibu kilomita 100, kwa hiyo popote utakapoishiwa upepo katika njia hiyo, mji wa mbele au wa nyuma utaufikia. Hakikisha tu kwamba taa ya onyo la upepo kwenye dashibodi inafanya kazi, maana tairi la namna hii likiwa tupu halionekani kwa macho.

Tatizo lako litaanza baada ya kufika mjini. Tairi lililotembezwa bila upepo kwa kawaida halizibwi, hutupwa, na Voi si mahali pa kutafuta kipimo chako. Nunua tairi moja la ziada uliweke nyumbani, na umwonyeshe mtu wa nyumbani lilipo ili aweze kulipeleka kwenye basi siku utakapompigia simu. Kama gari lako lina rimu za inchi 17 zenye 225/45R17 mbele na nyuma, tairi hilo moja litakufaa kwa magurudumu yote manne. Kama zako ni za inchi 18, mbele 225/40 na nyuma 255/35, itakubidi uweke mawili.