Kabla Hamjapiga Kelele "Kona Ile Ile!"

Jumamosi nilikaa safu mbili nyuma ya vijana watano waliovaa jezi mpya kabisa. Tulipopata kona ya kwanza, mpigaji hata hajauweka mpira kwenye robo duara, mmoja wao akasimama juu ya kiti: "Fupi hiyo! Mtaona, fupi!" Ikapigwa fupi, pasi kwa mwenzake aliye karibu. Wakapongezana kama vile wao ndio waliofunga. Kufikia kona ya nne walishaitungia wimbo, na robo ya jukwaa ilikuwa inaitikia. Kwenye kona ya sita mpigaji wetu, kijana wa miaka 19, aligeuka akalitazama jukwaa kabla ya kupiga. Moyo ulinidunda, kwa sababu uso ule niliwahi kuuona kwa mtu mwingine. Nitafika huko.

Wadogo zangu, macho mnayo na timu mnaipenda. Hilo sibishani nanyi. Lakini nimekuwa kwenye mijadala hii ya mipira iliyokufa, yaani kona, adhabu, ya kurusha na mingine inayoanzishwa ikiwa imesimama, kwa misimu 17, na makosa mnayofanya ni yale yale tuliyofanya sisi, tena kwa mpangilio ule ule. Yananichosha na yananiuma. Basi nimekaa nikayaandika.

1. Msiipime kona kwa mabao. Hata kwenye ligi kubwa, kati ya kona 100 zinazozaa bao ni 3 au 4 hivi. Timu inayopata kona 5 kwa mechi inaweza kumaliza mwezi mzima bila bao la kona na pasiwe na kilichoharibika. Andikeni nani aligusa mpira wa kwanza na nani aliuokota wa pili, ule unaodondoka baada ya mguso huo. Hapo ndipo utaona kama kona zetu zina uhai.

2. Someni sheria. Juzi mtu mzima alitupotezea nusu saa akidai mshambuliaji wao alikuwa ameotea kwenye mpira wa kurusha. Kwenye mpira wa kurusha hakuna kuotea, kwenye kona hakuna, na kwenye goli kiki hakuna. Mwingine kila wiki anamlaumu kipa wetu kwa "kuchezea moto" anapompa pasi fupi beki aliyesimama naye ndani ya boksi. Tangu 2019 goli kiki si lazima itoke nje ya boksi kwanza. Makocha wanaitumia nafasi hiyo kuwavuta wapinzani waje juu, ili nyuma yao pabaki wazi. Mwaka huo huo ndipo mshambuliaji alipokatazwa kusogelea ukuta wa mabeki watatu au zaidi: lazima awe mbali nao angalau mita 1. Kwa hiyo mnapouliza kwa nini nahodha hajipenyezi tena kwenye ukuta kama zamani, jibu ni kwamba refa atawapa wapinzani mpira wa adhabu. Na tangu 2025 kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde 8, upinzani unapewa kona. Refa huhesabu sekunde 5 za mwisho kwa vidole, mkono juu. Mtazameni refa, acheni kumzomea kipa.

3. Neno "kutabirika", mnalolirudia kila kona yetu ikifanana na iliyopita. Hapa nitakaa.

Kujua kitakachokuja na kuweza kukizuia ni vitu viwili. Stoke City walipopanda Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2008, uwanja mzima ulijua kitakachofuata kila Rory Delap alipoanza kuufuta mpira kwa taulo kabla ya kuurusha kwa mikono hadi langoni. Mabeki walijua, makipa walijua, na bado mpira ulipotua kwenye boksi watu walianguka hovyo. Kombe la Dunia la 2018, England walijipanga foleni kwenye kona mechi baada ya mechi, dunia nzima ikitazama. Mabao 9 kati ya 12 waliyofunga kule Urusi yalitokana na mipira iliyokufa, penalti zikiwemo. Hakuna aliyeshindwa kuiona ile foleni. Kilichowashinda ni kujua nani atakimbilia wapi foleni ikishavunjika.

Hili nalisema leo kwa ujasiri kwa sababu niliwahi kulikosa vibaya.

Miaka 11 iliyopita nilikuwa na daftari. Kila mechi nilichora boksi na kuweka alama pale kona ilipoangukia. Baada ya mechi tisa picha ilikuwa wazi kabisa machoni pangu: kona tatu kati ya nne zilikuwa zinakwenda nguzo ya kwanza, ile ya goli iliyo karibu na mpigaji, na beki wa kwanza wa wapinzani alikuwa anaziondoa kwa kichwa kama anayepokea barua. Nikaenda nayo kwenye mkutano wa mashabiki. Nilisimama, nikabandika karatasi ukutani, nikaeleza kwa dakika 20 jinsi kiungo wetu wa mguu wa kushoto, kijana wa miaka 20, alivyokuwa anatupotezea nafasi kwa kupiga mahali pamoja kila siku. Watu walinipigia makofi. Mzee mmoja alinishika bega akasema, "Hatimaye mtu anayetumia akili." Sijawahi kujisikia mkubwa kama siku ile.

Wimbo ulizaliwa wiki hiyo hiyo. "Nguzo ya pili! Nguzo ya pili!" Sikuutunga mimi, lakini maneno yalikuwa yangu.

Wiki tatu baadaye tulikuwa nyumbani, 0–0, dakika ya 80 imepita. Tukapata kona upande wa jukwaa letu. Sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliisikia kifuani. Yule kijana aliweka mpira, akainua mkono mmoja, ishara yao ya kawaida. Kisha akatugeukia. Alitutazama labda sekunde mbili. Akashusha mkono. Akarudi nyuma hatua moja zaidi ya kawaida yake, akapiga mrefu, juu, kwenda nguzo ya pili, kama tulivyotaka.

Nguzo ya pili hapakuwa na mtu bado. Wenzake wote walishauona mkono wa kwanza na walikuwa wameanza mbio za kwenda mbele. Kipa alidaka peke yake bila hata kuruka. Akamrushia winga wao, pasi tatu, na mpira ukawa wavuni kwetu. Tulifungwa 1–0. Kijana alibaki amesimama kule kule kwenye kibendera cha kona, kwa sababu alikuwa hajapata hata muda wa kurudi.

Tukamzomea. Naandika "tukamzomea" na mimi nikiwemo. Tulimshawishi afanye jambo, akalifanya, kisha tukamzomea kwa kulifanya.

Hakupiga kona tena msimu ule. Mechi zilizofuata, kona ikipatikana alikuwa wa kwanza kukimbilia mbali nayo. Mwisho wa msimu akaondoka, akaenda kucheza madaraja mawili chini. Mchezaji huondoka kwa sababu nyingi, na sijibebeshi zote. Ninayoijua ni sehemu yangu, na ninaijua vizuri.

Kilichonifungua macho kilikuja wakati wa mapumziko ya msimu. Kocha msaidizi alikubali kukaa na wachache wetu kutuonyesha video za mazoezini na za mechi, zilizopigwa kwa kamera iliyowekwa juu nyuma ya goli. Aliweka kona ya kwanza, mojawapo ya zile nilizoziwekea alama. Mpira ulipoanza kuruka, akasimamisha. "Usitazame mpira," akaniambia. "Mtazame namba 4."

Namba 4 hakuwa anaufuata mpira hata kidogo. Alikuwa anamzibia njia beki aliyemkaba mshambuliaji wetu. Namba 6 ndiye aliyekuwa anakimbilia nguzo ya kwanza, na kazi yake haikuwa kufunga. Alitakiwa auguse tu kwa kichwa, uendelee nyuma, na mshambuliaji aliyefunguliwa njia aukute nguzo ya pili. Kumbe nguzo ya pili tuliyokuwa tunaiimbia ilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo. Mpira ulikuwa unapitia nguzo ya kwanza kwenda huko.

Nikauliza kwa nini basi hazikufika. Akanionyesha. Namba 6 tuliyeanza naye msimu, yule mrefu, aliumia paja mechi ya tatu. Aliyechukua nafasi yake alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima. Krosi ilikuwa ile ile, ina uzito ule ule, ila mtu wa kuigusa alikuwa haifikii, na beki wa wapinzani nyuma yake anaifikia. Benchi la ufundi lilikuwa limemwambia mpigaji aendelee hivyo hivyo wakati wanamnoa mtu wa tatu. Kijana alikuwa anatekeleza maagizo, kwa usahihi ambao leo ningelipa kuuona.

Daftari langu lilikuwa na safu ya mpira ulipoangukia. Halikuwa na safu ya nani alimzibia nani, nani hayupo, nani kachukua nafasi ya nani. Na mechi za ugenini nilizitazama kwenye televisheni, ambako kamera humganda mpigaji usoni, kisha inaruka kwenye boksi wakati mpira uko hewani tayari. Mbio zinazoamua kona huwa zimeshapigwa sekunde moja au mbili kabla. Nilikuwa nahukumu kitabu kwa kusoma ukurasa wa mwisho.

Nilimwandikia barua yule kijana kupitia klabu. Haikujibiwa, na sikutegemea ijibiwe.

4. Kona fupi: hesabuni mabeki wanaotoka boksi kwenda kuifuata. Akitoka mmoja, tuna wawili kwa mmoja pale pembeni. Wakitoka wawili, ndani kumepungua mtu.

5. Watazameni waliobaki nyuma. Kona yetu ikishindwa, nani anamlinda winga wao mwenye kasi?

6. Mpira wa kurusha si mapumziko ya kwenda kununua maji. Ni mingi kuliko kona mara kadhaa katika kila mechi, na Liverpool waliona una thamani ya kuajiriwa kocha wake, Thomas Grønnemark, mwaka 2018. Sisi tunaupoteza kizembe kuliko kitu kingine chochote, na hakuna hata mmoja wenu aliyeutungia wimbo.

7. Kuanzisha mpira katikati. Mnalalamika kwamba kila mara tunarudisha nyuma kwa beki, naye anaubutua mbele. Tangu 2016 sheria inaruhusu kuupiga upande wowote, ndiyo maana karibu kila timu huanza kwa kurudisha nyuma. Swali la kuuliza ni butuo lile linaangukia wapi na nani wako tayari kuuzunguka. Msimu wa 2024/25 PSG walikuwa wanaupiga makusudi kutoka nje, mbali kule kwenye kona ya wapinzani. Wengi walicheka mara ya kwanza. Kisha wakaona mpinzani anarusha akiwa amebanwa kwenye kona yake mwenyewe, na PSG nzima imeshapanda juu. Timu ile ilitwaa Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga Inter 5–0.

8. "Tubuni kitu kipya!" Hili nalisikia kila wiki, na linatolewa kana kwamba mbinu mpya zinachumwa mtini. Muda wa mazoezi wa mipira iliyokufa ni mdogo. Mbinu inayotaka watu sita wakimbie kwa wakati mmoja huchukua wiki kuiva, na ikishaonekana mara moja, wapinzani wanayo kwenye video.

Na mshtuko wenyewe hula kwenye mazoea. Kumbukeni Uholanzi na Argentina, robo fainali ya Kombe la Dunia la 2022, dakika ya 11 baada ya zile 90. Mpira wa adhabu mahali ambapo kila mtu anapiga golini. Ukuta umejipanga kuruka, kipa amejipanga kudaka. Koopmeiners akaupitisha chini, pasi fupi tu, kwa Weghorst aliyejificha pembeni ya ukuta, ikawa 2–2. Kama wapiga adhabu duniani wangekuwa na desturi ya kupasia pale, ukuta ungekuwa unatazama chini. Ile kona ya Alexander-Arnold wa Liverpool dhidi ya Barcelona mwaka 2019 ni hivyo hivyo: aliondoka kwenye kona kama anayemwachia mwenzake apige, jambo ambalo mabeki wameliona mara elfu, kisha akarudi ghafla na Origi akamalizia. Kwa hiyo kona zetu tano za fupi za Jumamosi zinaweza kuwa uvivu, na zinaweza kuwa chambo. Kutoka pale mlipokaa, pembeni, hamuwezi kujua.

Hilo linanirudisha kwa wale watano wa jezi mpya. Tiketi za nyuma ya goli ni rahisi kuliko zenu, na mechi ijayo nitakaa huko, viti vya karibu yangu vikiwa wazi. Nitakuja na daftari jipya lenye safu nne. Mmoja atamwandika anayeziba njia, mmoja anayegusa kwanza, mmoja mpira wa pili, mmoja waliobaki nyuma. Wa tano, yule aliyesimama juu ya kiti, nataka afanye kazi moja: mpigaji wetu akitugeukia kabla ya kupiga, yeye ndiye aanzishe kumpigia makofi.