Maswali ya Wasomaji: Regulata ipi inaifaa dainamo ya gari la zamani?

SWALI: Mhariri, nina Land Rover Series IIA ya petroli ya mwaka 1965 niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Bado ina dainamo yake (mashine inayozalisha umeme wa gari) ya Lucas C40, na boksi la regulata, yaani kidhibiti cha chaji, lililoandikwa RB106/2. Siku hizi betri inachemka na maji yake yanakauka upesi, na kila ninapokanyaga mafuta taa za mbele zinawaka kwa ukali usio wa kawaida. Fundi anasema regulata imekufa. Ameniambia ninunue nyingine ya aina ile ile, au nifunge RB340, ambayo ni boksi jingine la Lucas, au anifungie regulata ya alteneta (mashine ya umeme ya magari ya kisasa) kwa kuwa hiyo inapatikana kila duka la spea. Nifuate ushauri upi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa hata shilingi moja, fuata waya unaotoka kwenye ncha ya boksi la regulata iliyoandikwa E hadi pale unapofungwa kwenye bodi ya gari. Koili inayodhibiti volti hupata njia yake ya kurudi kwenye bodi kupitia waya huo. Ukilegea, au skrubu yake ikishikwa na kutu na rangi, koili hukosa umeme, pointi (vipande vidogo vya chuma vinavyofunga na kufungua njia ya umeme) hubaki zimegusana muda wote, na dainamo hupandisha volti bila kizuizi, jambo ambalo huleta dalili hizo hizo ulizozieleza. Kwangua mahali hapo mpaka chuma king'ae, kaza skrubu, kisha upime upya.

Ikiwa waya huo ni mzima, fungua kifuniko cha boksi. Utaona koili mbili zimesimama sambamba. Moja ni ya katauti, ambayo huiunganisha dainamo na betri volti zinapofika kati ya 12.7 na 13.3, na kuitenganisha injini inapopoa mwendo ili betri isirudishe umeme kwenye dainamo. Ya pili hudhibiti volti kwa kufungua na kufunga pointi zake mara nyingi katika kila sekunde. Ukikuta pointi zimechimbika sana, au koili imebadilika rangi na inanuka kuungua, usipoteze muda kwa msasa. Hapo kweli unahitaji regulata nyingine.

Pendekezo la regulata ya alteneta ulikatae moja kwa moja. Alteneta ina daiodi ndani yake zinazozuia umeme usirudi, na kwa maumbile yake haiwezi kutoa ampea kupita kiwango chake. Kwa hiyo regulata yake haina katauti wala kizuizi cha ampea. Dainamo haina ulinzi wowote kati ya hizo mbili. Ukiifungia regulata ya namna hiyo, siku utakapozima injini betri itajimwaga kupitia dainamo na nyaya zitapata moto, na siku betri itakapokuwa tupu dainamo italazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake.

Kati ya mbili zilizobaki, mimi ningechagua RB340. Boksi lako la RB106/2 hushusha volti kadiri ampea zinavyoongezeka, na hiyo ni njia ya kukadiria tu: hufanya kazi vizuri betri ikiwa nzima na taa zikiwa chache, lakini halina kikomo halisi cha ampea. RB340 ina koili ya tatu ambayo kazi yake ni hiyo peke yake, na kwa gari linalosafiri usiku au kukaa wiki nzima bila kuwashwa, ulinzi huo una thamani kubwa. Sharti ni kwamba kikomo chake kilingane na dainamo yako. C40 ya kawaida hutoa ampea 22, C40L hutoa 25, na C42 iliyo kubwa zaidi hutoa 30. RB340 zilitengenezwa kwa viwango tofauti ingawa kwa nje zinafanana kabisa. Ukifunga ya ampea 30 kwenye dainamo ya 22, dainamo itapata joto mpaka lehemu ya kwenye komyuteta (sehemu ya shaba inayozunguka na kuguswa na brashi) iyeyuke na kurushwa nje. Soma kwanza maandishi yaliyogongwa kwenye mwili wa dainamo, kisha ndipo uende dukani. Wakati wa kufunga, nyaya za ncha A na A1 za boksi la zamani huunganishwa pamoja kwenye ncha B ya RB340, na waya mwembamba wa taa ya chaji huhama kutoka ncha D kwenda WL.

Mwambie pia fundi wako asiiguse skrubu ya marekebisho kwa kuona namba asizozizoea. RB106/2 ikipimwa bila kubeba mzigo, katika nyuzijoto 20, inatakiwa kuonyesha takriban volti 16, na RB340 karibu 15. Zikianza kuchaji betri hushuka zenyewe. Boksi nyingi huharibiwa na mafundi hodari wanaolazimisha 14 pale ambapo 16 ndiyo sahihi.

Zipo pia regulata za kielektroniki zilizofichwa ndani ya boksi la sura ya zamani, nazo ni nzuri, ila huungua mara moja zikifungwa kinyume. Magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yalifunga ncha chanya ya betri kwenye bodi, na huenda lako bado liko hivyo. Hakikisha kwa macho yako kabla ya kuagiza.

Jambo la mwisho ni mzigo. Ampea 22 ni chini kidogo ya wati 300, na taa mbili za wati 60 peke yake hula karibu ampea 10. Ukiongeza taa za ziada na friji, hakuna regulata itakayokuokoa. Hapo badilisha mfumo wote, alteneta pamoja na regulata yake.

SWALI: Nina Volkswagen ya mgongo wa kobe ya 1964 yenye volti 6. Nimepewa boksi zima la Lucas lililotolewa kwenye Morris Minor. Linaweza kuifaa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Haliwezi, na volti 12 za boksi hilo ni sehemu tu ya tatizo. Katika dainamo ya Lucas, mwisho mmoja wa koili za sumaku umefungwa kwenye bodi na regulata hupeleka umeme kutoka D (ncha ya umeme wa dainamo) kwenda F (ncha ya koili za sumaku). Katika dainamo yako ya Bosch mwisho huo umeunganishwa ndani na D+, na regulata huupeleka mwisho wa pili, DF, kwenye bodi. Ukifunga boksi la Lucas, ncha zote mbili za koili zitakuwa na volti sawa, sumaku haitapata nguvu, na gari halitachaji kabisa. Tafuta regulata ya Bosch ya volti 6 yenye ncha za D+ na DF, ambayo ampea zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye dainamo.