Gauni la mtoto limenywea, shingo haipiti kichwani

Pole sana dada. Umesema gauni la pamba ulilomshonea binti yako wa miaka miwili lilimkaa vizuri Jumapili, ukalifua mara moja tu, sasa halipiti kichwani. Vipimo vyako havikuwa na kosa. Pamba hunywea ikifuliwa, hasa kwa maji ya moto. Kitambaa ukitoka nacho sokoni Makoroboi, Mwanza, kiloweke, kianike, kipige pasi, ndipo ushike mkasi.

Ila shingo ndiyo inayowaponza wengi. Tunapima kifua tunasahau kichwa, na kichwa cha mtoto wa umri huo ni kikubwa, karibu sentimita 48. Zungusha futi juu ya nyusi zake, uongeze sentimita 2 au 3. Hutaki shingo pana? Pasua nyuma sentimita 10, weka kifungo kimoja. Kishone kwa uzi wa mara mbili, kisha kivute kwa nguvu zako zote, maana kikichomoka kinaishia mdomoni. Kamba za kufunga shingoni usiweke kabisa, zinaweza kumkaba.

Pindo la chini mwachie sentimita 6. Mimi wa kwangu nililiachia mara mbili, gauni likafika mwaka wa pili, alama ya pindo la zamani nikaifunika kwa utepe.

Na hilo lililonywea usilitupe. Fumua bega moja, weka vifungo viwili pale, litapita.