Kabla hujanunua sensa ya throto, pima nyaya zake

Gari inapanda kilima cha Bugando bila shida, lakini ikifika kwenye foleni ya Kirumba inashtuka-shtuka, mara inavuta, mara inalala. Fundi mmoja atasema plagi, mwingine pampu ya mafuta. Anza na sensa ya throto, ile inayoiambia kompyuta ya gari kibati cha kuingizia hewa kwenye injini kimefunguka kiasi gani. Ndani yake kuna kidole cha chuma kinachoteleza juu ya njia ya kaboni, na njia hiyo hulika pale kidole kinaposhinda: mwanzoni mwa pedali, yaani mwendo wa foleni. Ukikanyaga sana kinapita sehemu mbovu, ndiyo maana mlimani husikii kitu.

Mashine ya kusoma makosa ikionyesha namba P0122, volti ya taarifa ambayo sensa inaipelekea kompyuta iko chini mno. P0123, iko juu mno. Hakuna hapo aliyekuambia ununue sensa.

Kwenye gari za throto ya kebo sensa ina nyaya tatu: volti 5, ethi (hasi) na taarifa. Toyota nyingi za zamani zina wa nne, wa swichi ya sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga pedali). Weka swichi ya ufunguo on, injini usiwashe. Chomoa soketi, pima volti 5 na ethi upande wa gari. Volti zikikosekana, sensa yako inasingiziwa. Mara nyingi volti hizo zinagawiwa sensa nyingine pia, na moja ikipiga shoti inaziua zote. Chomoa moja moja, ukianza na ya presha ya hewa. Volti zikirudi, mchawi umempata.

Rudisha soketi, ingiza pini nyembamba kwa nyuma kwenye waya wa taarifa. Throto ikiwa imefungwa, gari nyingi husoma volti kati ya 0.5 na 0.9, ikifunguka yote, 4 na kitu. Ifungue kwa mkono taratibu, robo ya kwanza hata sekunde kumi, huku ukigonga sensa kwa mpini wa bisibisi. Hapa mita ya mshale ya bei poa inaishinda ya namba: mshale ukiruka unauona, namba huchelewa. Taarifa ikikaa karibu na 5 muda wote, shuku ethi: soketi ikiwa imechomekwa, kati ya ethi ya sensa na hasi ya betri isizidi volti 0.1.

Fungua na soketi yenyewe. Injini zinazopigwa maji ya presha kando ya ziwa huota kutu ya kijani kwenye pini.

Ukinunua iliyotumika, ipime oms (ukinzani) papo hapo dukani, kati ya pini ya taarifa na ya ethi, huku ukiizungusha taratibu: zipande au zishuke bila kuruka. Kabla ya kufungua ya zamani, chora alama kwenye skrubu, maana matundu yake huwa marefu na sensa huzungushwa hadi volti za throto iliyofungwa zikae sawa.

Throto ya umeme ni habari nyingine: taarifa ni mbili na kwa kawaida sensa haiuzwi peke yake. Swichi ya ufunguo ikiwa on usiingize kidole humo, kibati kinaweza kujifunga ghafla.